Sura ya Sita: Wino Hupimwa kwa Mizani

Kila printa ya wino inayouzwa leo hutoa taarifa fulani kuhusu wino uliobaki. Nyingine huchora vichupa vya rangi kwenye skrini ya kompyuta na kuvipunguza kimo kadiri kazi inavyoendelea. Nyingine huwasha taa yenye alama ya tone. Nyingine hutangaza kwamba katriji ya rangi imekwisha, kisha hukataa kuchapa hata barua isiyo na rangi yoyote. Anayenunua katriji mpya kila mara anaweza kuishi na taarifa hizo bila kuzichunguza, kwani hasara yake ni wino kidogo anaoutupa pamoja na plastiki. Mambo ni tofauti kwa anayejaza katriji mwenyewe nyumbani kwa chupa ya wino na bomba la sindano. Kwake yeye taarifa ya printa ina hatari, kwa sababu ina sura ya kipimo ilhali si kipimo. Printa nyingi huhesabu matone yaliyotoka na kukisia kilichobaki, na siku wino mpya unapoingia kwa sindano, hesabu hiyo haina tena uhusiano wowote na kilichomo ndani ya katriji. Sura hii inatetea jambo moja: anayejaza mwenyewe lazima apime mwenyewe, na chombo bora cha kazi hiyo ni mizani ndogo, ikisaidiwa na macho na daftari.

Tuanze na tone lenyewe, maana kila kitu kingine kinatokana na jinsi linavyotoka. Ziko njia kuu mbili. Ya kwanza hutumia joto. Watafiti wa Canon nchini Japani waliigundua mwaka 1977, na wenzao wa HP nchini Marekani wakaifikia kwa njia yao wenyewe miaka miwili baadaye. Mwaka 1984 HP ikaingiza sokoni printa ya ThinkJet iliyoifikisha teknolojia hiyo kwenye meza za watu wa kawaida. Ndani ya kichwa cha kuchapia mna vitundu vyembamba kuliko unywele, na kwa kila kitundu kuna kipashajoto kidogo mno. Umeme ukipita, kipashajoto hicho hufika nyuzijoto 300 hivi kwa muda mfupi ajabu, wino unaokigusa huchemka ghafla, kiputo cha mvuke huvimba na kusukuma tone nje. Kiputo kikinywea, wino mwingine hunyonywa kujaza nafasi iliyoachwa. Njia ya pili, ambayo Epson imeishikilia tangu awali, haitumii joto bali kipande cha kauri kinachojikunja kikipata umeme na kulikamua tone. Kuna tofauti nyingine yenye maana kwa mjazaji: katriji za printa nyingi za bei nafuu za HP na Canon hubeba kichwa cha kuchapia zenyewe, ile sehemu ya chini yenye kisahani cha vitundu, ilhali katika Epson kichwa kimo ndani ya printa na katriji ni chombo cha wino tu. Anayeharibu kichwa katika aina ya kwanza amepoteza katriji moja. Katika aina ya pili huenda amepoteza printa nzima.

Tone moja la printa za siku hizi ni la pikolita chache tu. Tukichukua tone la pikolita 5, mililita moja ya wino hutoa matone milioni 200. Printa inajua kila amri ya kurusha tone iliyoitoa, kwa hiyo hujumlisha amri hizo, huzizidisha kwa ukubwa wa tone uliowekwa kiwandani, na kutoa jumla hiyo katika kiasi cha wino kinachodhaniwa kuwemo siku ya kwanza. Ni kama mwenye duka anayeandika kwenye daftari kila kilo ya sukari anayouza lakini hafungui gunia kuangalia. Daftari lake linaweza kuwa sahihi kabisa kwa masharti manne: gunia lianze na kilo zinazojulikana, kila kilo iliyouzwa iwe kilo kweli, kisimwagike kitu, na asiongeze mtu sukari bila kuandika. Katriji inayojazwa nyumbani hukiuka masharti yote manne, na inafaa tuyapitie moja baada ya jingine, kwa kuwa kila moja linaonyesha mahali ambapo kiashiria hupotoka.

Sharti la kwanza ni la kiasi cha kuanzia. Katriji nyeusi za HP zenye namba 21, 27 na 56 zilitengenezwa kwa ganda la umbo na ukubwa uleule kwa nje, lakini ya 21 iliuzwa ikiwa na mililita 5 za wino, ya 27 ikiwa na mililita 10, na ya 56 ikiwa na mililita 19. Kila moja ikiwekwa ndani ya printa ikiwa mpya, skrini huonyesha imejaa. Maana yake ni kwamba ule ujazo kamili unaoonekana kwenye skrini ni ahadi ya lebo. Hausemi chochote kuhusu nafasi iliyomo ndani ya ganda. Anayejaza hatii kiasi kilekile cha kiwandani: mara nyingine atatia zaidi, mara nyingine pungufu kwa sababu hewa imezuia wino kushuka. Printa haina njia ya kujua ni lipi kati ya hayo limetokea.

Sharti la pili ni la ukubwa wa tone. Tone hubadilika na joto: wino ukipata moto huwa mwepesi zaidi na tone hukua kidogo, ukipoa huwa mzito na tone hupungua. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari na chumba cha Limuru mwezi wa Julai havitoi matone sawa, hata kama watengenezaji hujitahidi kurekebisha tofauti hiyo kwa programu. Kwa wino wa kujazia jambo hilo huzidi, kwani wino wa chupa wa kampuni nyingine si lazima uwe na uzito na mtiririko uleule wa wino wa asili. Kosa dogo katika tone moja halionekani, lakini likirudiwa mara mamia ya mamilioni huwa mililita kamili ambayo hesabu haikuiona.

Sharti la tatu, la kutomwagika, ndilo linalovunjwa zaidi. Sehemu kubwa ya wino wa printa haifiki kwenye karatasi. Printa hujisafisha inapowashwa, inapobadilishiwa katriji, na inapokaa muda mrefu bila kazi, na wino wa kusafishia huishia kwenye sponji ya uchafu iliyoko chini ya mashine. Mwaka 2013 jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima printa zilizotumiwa kurasa chache kwa vipindi, kama zinavyotumiwa majumbani, likakuta printa nyingi zilifikisha kwenye karatasi nusu ya wino au pungufu, na chache kati yake hazikuzidi asilimia 20 hadi 30. Kwetu kuna sababu nyingine ya upotevu huo, nayo ni kukatika kwa umeme na mazoea ya kuzima printa kwa swichi ya ukutani. Printa ikizimwa kwa kitufe chake hurudisha kichwa pembeni na kukifunika kisikauke. Ikikatiwa umeme ghafla, kichwa huachwa wazi, wino hukauka kwenye vitundu, na siku ya pili mashine hutumia wino zaidi kujizibua. Upo pia wino unaoondoka kwa mvuke polepole, hasa katika katriji iliyotobolewa tundu la kujazia likaachwa bila kuzibwa vizuri. Printa huweza kuhesabu wino wa kusafishia, kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyoamuru. Wino wa mvuke na wa kuvuja haiuoni kabisa.

Sharti la nne, la kutoongeza, ndilo kazi yenyewe ya kujaza. Katika katriji zenye kichwa chake, printa nyingi huitambua katriji kwa alama zake za umeme na kuikumbuka. Ikirudishwa baada ya kujazwa, mashine huendeleza hesabu ya jana na kusema imekwisha, ingawa ndani imejaa tele. Katika katriji za matangi madogo, hesabu huandikwa kwenye chipu iliyobandikwa ubavuni, na chipu iliyokwisha kuandikwa kwamba tangi ni tupu haijiandiki upya. Printa za Canon za aina hiyo huruhusu mwenye nazo kubonyeza kitufe cha kusimamisha kazi kwa sekunde 5 au zaidi, na hapo ufuatiliaji wa wino kwa tangi hilo huzimwa. Kazi huendelea, lakini kuanzia hapo printa imekaa kimya na jukumu limehamia kwa mwenye nyumba. Ni utaratibu mzuri, na unasema kweli kuhusu hali ilivyo: mashine imekiri kwamba haijui.

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni makosa madogo na kwamba hesabu ya kiwandani, kwa katriji ambayo haijachezewa, hukaribia ukweli. Ushahidi wa hadharani hauungi mkono matumaini hayo. Mwaka 2003 jarida la watumiaji la Uingereza, Which?, lilizipita kwa makusudi ishara za kwisha wino na kuendelea kuchapa. Printa moja ya Epson ilitoa kurasa nzuri hadi asilimia 38 zaidi baada ya chipu kudai katriji ni tupu. Nchini Marekani Epson ilimaliza mwaka 2006 kesi ya pamoja iliyofunguliwa na wanunuzi kuhusu wino unaobaki kwenye katriji zilizotangazwa kuwa tupu, bila kukubali kwamba ilikosea. Nchini Ufaransa chama cha HOP, kinachopinga bidhaa zinazoundwa ziharibike mapema, kiliwasilisha malalamiko mwaka 2017 dhidi ya watengenezaji wa printa, na waendesha mashtaka wa Nanterre wakafungua uchunguzi ulioihusu Epson. Jibu la watengenezaji katika mijadala hii ni kwamba wino huo wa akiba huachwa makusudi ili kichwa kisiwahi kukauka. Tulichukulie jibu hilo kuwa la kweli kabisa. Bado linathibitisha hoja yetu: neno «tupu» kwenye skrini ni uamuzi wa tahadhari uliofanywa mapema na mtengenezaji. Si habari ya kilichomo.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote unatoka kwa watengenezaji wenyewe. Printa za matangi makubwa ya kujazwa kwa chupa, zile ambazo Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010 na ambazo leo zimejaa kwenye steshenari na saiba za Afrika Mashariki, nazo zina kiashiria kwenye kompyuta. Lakini maelekezo yake humtaka mtumiaji athibitishe kiasi halisi kwa kuangalia matangi kwa macho, na humwonya kwamba kuendelea kuchapa wino ukiwa chini ya mstari wa chini kunaweza kuiharibu printa. Katika modeli za mwanzo kama L100 na L200, mtumiaji aliingiza namba iliyoandikwa kwenye chupa ili hesabu ianze upya. Pale ambapo mtengenezaji mwenyewe anakubali kwamba mteja atajaza kwa mkono, amemwambia wazi asitegemee hesabu. Anayejaza katriji ambayo haikukusudiwa kujazwa ana sababu kubwa zaidi ya kuufuata ushauri huohuo.

Hapa linakuja pingamizi zito, nalo halifai kupitwa juu juu. Onyo la printa, hata likiwa si sahihi, hulinda kichwa, na anayelidharau atakiunguza. Sehemu ya kwanza ya pingamizi hilo ni kweli tupu. Katika printa za joto, wino ndio unaokipoza kipashajoto. Kitundu kikiamriwa kurusha tone na wino haupo, joto halina pa kwenda, na baada ya kurudiwa mara nyingi kipashajoto hufa. Ndiyo maana katriji iliyochapishwa ikiwa kavu hurudi baada ya kujazwa ikiwa na mistari myeupe isiyotibika kwa kusafisha. Lakini matokeo yake ni kinyume cha yale yanayodaiwa na wenye pingamizi. Katriji iliyojazwa jana na ambayo printa inaiita tupu itaendelea kuitwa tupu kesho, keshokutwa, na siku ile itakapokuwa tupu kweli. Onyo linalowaka wakati wote haliwezi kuonya. Aliyejaza na akabaki bila kipimo kingine atagundua ukame pale herufi zitakapoanza kufifia, na wakati huo kichwa kimekwisha kuumia. Kwa hiyo, kadiri mtu anavyokithamini kichwa, ndivyo anavyopaswa kutafuta kipimo cha kweli badala ya kungoja taa.

Kipimo hicho ni uzito. Wino wa printa hizi kwa sehemu kubwa ni maji yenye rangi na viowevu vinavyoyazuia kukauka, na uzito wake hauachani sana na wa maji: mililita moja ni gramu moja na ushei mdogo. Kwa kazi ya nyumbani gramu na mililita zinaweza kuchukuliwa kuwa sawa. Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja inatosha kwa katriji kubwa. Kwa ndogo, inafaa zaidi ile ya mfukoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Katriji mpya ikifunguliwa, ondoa utepe wa kinga, ipime kabla haijaingia kwenye printa, na uandike uzito juu ya lebo kwa kalamu isiyofutika. Kiasi cha wino kwa mililita huandikwa kwenye boksi au lebo ya katriji nyingi. Ukitoa kiasi hicho kwenye uzito wa upya unapata uzito wa ganda kavu bila kulazimika kuikausha katriji ili kuujua. Tuchukue mfano wa tarakimu: katriji yenye mililita 16 ina gramu 46 ikiwa mpya, basi ganda lake ni gramu 30 hivi. Ikisoma gramu 38, nusu imebaki. Ikisoma 34, imebaki robo.

Robo hiyo ndiyo mpaka wa kujaza, na sababu yake imo kwenye sponji. Katriji nyingi zenye kichwa chake hazina wino unaochezacheza ndani. Wino umeshikwa na sponji, na sponji haiachii yote. Sehemu ya mwisho hukwama kwenye matundu yake, kwa hiyo gramu za mwisho kwenye hesabu yetu ni wino uliopo lakini usiofika kwenye kichwa. Isitoshe, sponji iliyokauka hulowana kwa shida. Wino mpya hupita pembeni mwake na kuacha mifuko ya hewa, na katriji iliyopokea mililita nyingi hukatika baada ya kurasa chache tu. Anayejaza ingali na robo hukuta sponji yenye unyevu inayopokea wino kwa urahisi. Kungoja hadi tone la mwisho kunaonekana ni kubana matumizi, lakini katriji ya namna hiyo haifiki mbali.

Tazama basi kazi yenyewe inavyokwenda mezani. Katriji imewekwa juu ya gazeti lililokunjwa, kichwa kikiwa chini juu ya karatasi ya chooni iliyoloweshwa kidogo. Lebo imefunuliwa nusu na vitundu vya juu vinaonekana. Sindano ndefu inaingia wima hadi inakaribia chini ya sponji, kisha inarudishwa juu kidogo, na wino unasukumwa polepole, mililita moja kwa dakika au karibu na hapo, ili hewa ipate muda wa kutoka. Wino ukianza kung'aa kwenye mdomo wa tundu, kazi imekwisha. Mililita moja huvutwa nyuma ili katriji isidondoshe. Tundu huzibwa kwa utepe, kichwa hukandamizwa taratibu kwenye karatasi yenye unyevu hadi kiache alama nzito isiyokatika, na katriji hurudi kwenye mizani. Tofauti ya uzito wa kabla na baada inapaswa kulingana na mililita zilizotoka kwenye bomba. Zikitoka mililita 12 na mizani ikaongeza gramu 8 tu, wino mwingine uko kwenye gazeti, na pengine katriji inavuja. Ikiongeza 12 lakini printa ikakatika baada ya kurasa tatu, wino umo na hewa imeuzuia. Hakuna mchoro wa skrini unaoweza kuyatenganisha matatizo hayo mawili, ilhali dawa zake ni tofauti kabisa.

Mizani ina mipaka yake, na ni haki kuitaja. Katriji ya rangi tatu hubeba samawati, majenta na njano katika vyumba vitatu vya ganda moja, na mizani husoma jumla. Inawezekana uzito ukaonyesha nusu kumbe njano imekauka, hasa kwa anayechapa nembo au picha zenye rangi moja inayotawala. Kipimo cha katriji hiyo ni bomba lenyewe: jaza vyumba vyote vitatu kwa wakati mmoja, kila kimoja hadi mdomo, na uandike kila rangi ilipokea mililita ngapi. Kiasi ambacho chumba kimepokea ndicho kiasi ambacho kilikuwa kimetumika, na baada ya kujaza mara kadhaa utaijua rangi inayotangulia kwisha nyumbani kwako. Kabla ya kutia, chovya kijiti cha meno katika kila tundu ili kuhakikisha ni rangi ipi iko wapi, kwa kuwa mpangilio hutofautiana kati ya modeli na rangi zikichanganyika hazitenganishiki tena. Mpaka mwingine unahusu katriji zisizo na kichwa. Katika printa za Epson, kutoa na kurudisha katriji huifanya mashine itumie wino kujiandaa upya, hivyo anayeitoa kila wiki ili aipime anaumwaga uleule anaoulinda. Hizo zipimwe siku ya kujaza tu.

Kwa matangi yenye ukuta unaopitisha mwanga, kama yale madogo ya Canon, macho hufanya sehemu ya kazi. Tangi la aina hiyo lina chumba cha wino huru upande mmoja na chumba cha sponji upande wa pili, na chini ya chumba cha wino kuna prizimu ndogo ya plastiki angavu. Printa huangaza mwanga kutoka chini. Wino ukiigusa prizimu, mwanga hupotelea ndani ya wino; wino ukiondoka, mwanga hugeuzwa na kurudi kwenye kihisi. Hiki ni kipimo cha kweli, na inafaa kukipa heshima yake kwa kuwa kinagusa wino wenyewe. Lakini kinajibu swali moja tu: je, chumba cha wino huru kina kitu au hakina? Juu ya hapo na chini ya hapo, printa hurudi kuhesabu. Kwa mjazaji, kanuni ni rahisi: jaza chumba cha wino kinapokaribia kwisha, wakati sponji ya pembeni ingali imelowa.

Wako wanaoona kwamba haya yote yamekwisha kutatuliwa na kifaa cha kufuta chipu, ambacho hurudisha hesabu kuwa imejaa na kuirejesha michoro ya skrini. Kifaa hicho kina manufaa pale ambapo printa hukataa kabisa kufanya kazi na chipu iliyokwisha. Kukichukulia kuwa kipimo ni kosa. Chipu iliyofutwa inasema imejaa hata kama ulitia mililita 3 kwenye tangi la mililita 13. Itaendelea kushuka taratibu kwa utulivu, na kichwa kitakuwa kikichapa hewa huku skrini ikionyesha nusu. Taa inayowaka daima angalau humfanya mtu awe macho. Kiashiria kilichofutwa humtuliza bila sababu. Kikitumika, basi kitumike siku ileile tangi lilipojazwa hadi uzito wake wa upya, na mizani ndiyo itakayosema kama sharti hilo limetimia.

Wengine watasema ni usumbufu mno kwa mtu anayechapa kazi za shule za watoto na barua chache. Lakini kupima kabla na baada ya kujaza ni kazi ya chini ya dakika moja, na kati ya hapo kinachohitajika ni kuangalia karatasi. Chapa ukurasa wa majaribio wa vitundu mara moja kwa mwezi au baada ya printa kukaa kimya muda mrefu, na ujifunze kuusoma. Mistari ikikatika mahali palepale kila mara, kuna kitundu kilichoziba, na wino zaidi hautasaidia. Ukurasa ukianza vizuri juu na kufifia kuelekea chini, kisha ukapata nafuu baada ya printa kupumzika, wino hauwahi kushuka: unakaribia kwisha, au hewa imeuzuia. Kuendelea kubonyeza amri ya kusafisha katika hali hiyo ya pili ni kuyamwaga matone machache yaliyobaki na kukiweka kichwa hatarini zaidi.

Pingamizi la mwisho lina busara: kwa nini mtu asinunue printa ya matangi akaachana na sindano? Anayechapa rimu baada ya rimu afanye hivyo bila kusita, maana kwake bei ya juu ya mashine italipwa upesi na bei ya chini ya chupa. Lakini ziko nyumba nyingi zenye printa ya katriji ambayo bado ni nzima, na kuitupa mashine nzima kwa ajili ya wino ni hasara kwa mfuko na kwa mazingira. Swali la kama kujaza kunalipa halijibiwi kwa imani. Linajibiwa kwa daftari. Andika tarehe, uzito wa kabla, uzito wa baada, na idadi ya karatasi zilizotumika kutoka kwenye rimu ya 500. Gramu 12 zikitoa kurasa 240, ukurasa mmoja umekula sehemu ya ishirini ya gramu, na kwa kuwa bei ya chupa inajulikana, gharama ya ukurasa inajulikana pia. Zikitoa kurasa 90 tu za maandishi ya kawaida, wino unakwenda kwingine: kwenye kusafisha, kwenye kuvuja, au kwenye mvuke.

Hapo ndipo faida kubwa ya kupima inapoonekana. Bei nafuu ya wino wa chupa peke yake haimwokoi mtu, kwa kuwa katriji mbili zilizounguzwa hufuta akiba ya miezi. Kinachookoa ni kujua ndani mna nini kabla ya kuamuru ukurasa unaofuata. Hesabu ya printa ilitungwa kwa ajili ya katriji inayotoka kiwandani na kuishia kwenye pipa la taka, na kwa safari hiyo ina maana yake. Aliyeamua kuirefusha safari hiyo kwa mikono yake amechukua mali, na amechukua pia dhamana ya kuitunza. Aandike uzito kwenye lebo siku ya kwanza, ajaze ingali na robo, apime kabla na baada, na aisome karatasi. Akifanya hivyo, taa ya wino inaweza kuwaka mwaka mzima bila kumdanganya wala kumtisha.